Kudundisha flashi: ukuta unapogeuka kuwa taa

Bibi harusi ameketi kwenye kiti cha mapambo, shela limeshuka vizuri, mpambaji amemaliza kazi yake. Mpiga picha anasogea, anamwelekezea flashi usoni, anapiga. Picha inatoka hivi: paji la uso na ncha ya pua vinang'aa kama vimepakwa mafuta, uso una weupe wa unga ilhali shingo imebaki na rangi yake, na nyuma ya kichwa kuna kivuli cheusi kimejichora kwenye kitambaa. Ukumbi wenyewe, ambao kamati ilihangaika miezi kuulipia, umezama gizani.

Kamera ni nzima na flashi ni nzima. Kasoro ni udogo wa taa.

Kudundisha flashi, au kubaunsi kama wapiga picha wanavyosema wenyewe, ni kugeuza kichwa cha flashi kitazame ukuta au dari, ili mwanga ugonge huko kwanza ndipo umrudie mtu. Maana yake ni hiyo tu. Lakini kinachotokea pale ukutani kinafaa kuelezwa polepole, kwa sababu wengi tulifundishwa kitendo bila kuambiwa sababu yake.

Kioo cha flashi inayokaa juu ya kamera kina upana wa sentimita 7 hivi. Mwanga unaotoka mahali padogo namna hiyo huchora vivuli vyenye kingo kali, kama jua la saa saba mchana. Sasa chukua flashi hiyohiyo uielekeze kwenye ukuta mweupe ulio mita 2 kutoka ulipo. Mwanga unatawanyika na kuacha doa pana, lenye mita moja na nusu au mbili. Kwa bibi harusi, taa sasa ni lile doa zima. Mwanga unamfikia kutoka kila sehemu ya doa kwa pamoja: unaotoka upande mmoja unajaza kivuli kilichoachwa na ule wa upande wa pili, na kingo zinalainika. Dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja hufanya kazi vivyo hivyo, ndiyo maana picha iliyodundishwa vizuri haionekani kama ya flashi.

Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito wa pekee. Umbo la uso mweusi halionekani kwa vivuli peke yake. Linaonekana sana kwa mng'ao, yaani namna ngozi inavyoiakisi taa. Taa ikiwa ndogo, mng'ao hujikusanya kwenye vidoa vikali vya paji, pua na mashavu, hasa harusi ya Dar es Salaam mwezi Desemba ambapo jasho halikauki hata feni zikiwaka zote. Taa ikiwa kubwa, mng'ao uleule hutandazwa kutoka shavuni hadi kwenye taya, na rangi ya ngozi yenyewe ikaonekana. Wapo wanaoongeza nguvu ya flashi wakiona mtu ametoka giza. Wanachopata ni vidoa vikali zaidi. Dawa ni kuikuza taa.

Na ule weupe wa unga? Poda nyingi za kumalizia vipodozi zina chembe za madini yaitwayo silika, na krimu nyingi za kukinga jua zina oksidi ya zinki au ya titani. Chembe hizo hurudisha mwanga mwingi, na flashi inapotoka karibu kabisa na lenzi, mwanga huo hurudi moja kwa moja kwenye kamera. Ukumbini hakuna aliyeuona weupe huo, ila picha imeushika. Mwaka mmoja mama mzazi wa bibi harusi alinirudia na albamu mkononi, akaifungua kwenye picha ya meza kuu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hebu niangalie, halafu uiangalie hii. Uso wangu na shingo yangu vimekuwa watu wawili." Niliomba radhi, nikasema, "Mama, kosa ni langu." Meza kuu yote nilikuwa nimeipiga kwa flashi ya mbele. Ile siku haijanitoka.

Wengi wakishasikia habari ya kudundisha, wanaelekeza flashi juu kabisa. Ni afadhali kuliko usoni, ila mwanga unaomwangukia mtu utosini huzamisha macho kwenye vivuli na kuweka giza chini ya kidevu. Mimi hujiuliza hivi: kama chumba hiki kingekuwa na dirisha moja tu, ningependa liwe wapi? Hapo ndipo ninapoelekeza flashi, mara nyingi pembeni, au nyuma ya bega langu mwenyewe, juu kidogo. Bibi harusi anapomlisha bwana harusi keki, natazama uso wa bibi harusi umegeukia ukuta upi, nageuza kichwa cha flashi huko. Mwanga unamjia kwa mbele ukiwa umeegemea upande mmoja, shavu moja linabaki na kivuli chepesi, na uso unakuwa na umbo.

Kuna gharama. Mwanga unaposafiri umbali mara mbili, unabaki robo. Mtu aliye mita 3 mbele yako, ukimpelekea mwanga kupitia dari, safari inakuwa mita 5 au 6, na dari nayo imeumeza sehemu. Kwa hiyo ISO 100, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, haifai hapa. Panda hadi 1600, kwa kuwa hatua hiyo ni sawa na kuipa flashi nguvu mara 16, fungua tundu la lenzi kwenye f/2.8 au f/4, na betri zitakaa muda mrefu zaidi. Faida nyingine ni ukumbi. Kwa nguvu ndogo, flashi huwaka na kuzima kwa muda usiofika hata 1/1000 ya sekunde, basi kasi ya shata, lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, haiigusi, alimradi usipite kikomo cha kamera cha kupiga kwa flashi, ambacho mara nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Shata inapima taa za ukumbini tu. Ukishuka hadi 1/60, taa za mapambo na mishumaa ya mezani vinaingia kwenye picha, na lile giza nyuma ya maharusi linatoweka.

Angalia rangi kabla ya kitu kingine chochote. Mwanga hurudi umevaa rangi ya kilichougonga. Dari likiwa limefunikwa vitambaa vya zambarau, nyuso zote zitakuwa za zambarau, na kuzirekebisha kwenye kompyuta baadaye ni mateso. Hapo acha dari, tafuta ukuta. Turubai jeupe ni zawadi: liko chini, ni pana, na haliongezi rangi. Vyumba vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, vyenye kuta nene zilizopakwa chokaa, navipenda kuliko ukumbi wowote. Ni vyembamba, mwanga hauna haja ya kwenda mbali, na pale wanawake wanapomzunguka bibi harusi aliyepakwa hina, ua lililochorwa mkononi linasomeka hadi kwenye ncha za vidole.

Harusi ya ufukweni usiku haina dari wala ukuta. Huko hakuna kudundisha, na kile kikofia cha plastiki cheupe kinachovikwa flashi hakisaidii kitu, kwa kuwa mwanga wake mwingi unapotelea angani na betri zinakwisha. Chukua mwavuli mweupe wa studio, ufunge kwenye stendi pamoja na flashi, mpe msaidizi aushike karibu na maharusi. Kazi ni ileile ya ukuta, isipokuwa ukuta huu unatembea nao. Ufunge vizuri, upepo wa bahari hauna huruma.

Ninapofika ukumbini mapema, kabla wageni hawajaanza kuingia, nasimama pale ambapo keki itakatwa, nanyoosha mkono wangu wa kushoto mbele ya lenzi, nageuza flashi ukutani, napiga. Natazama kivuli kati ya vidole. Kikiwa na ukingo mkali, nahama hatua mbili, natafuta ukuta mwingine, napiga tena.