Maji angavu sio maji masafi, naombeni tuelewane

Jumamosi asubuhi, chai hata sijamimina, video inaingia WhatsApp. Ni ule mfumo wa kufuga samaki na mboga pamoja, maji ya samaki yanapandishwa na pampu kulisha mboga: pipa la buluu limekatwa katikati, juu beseni la kokoto lenye chainizi, chini sato wanane wanaelea tumbo juu. "Kaka, maji masafi kabisa, unaona mpaka chini, sasa hawa wamekufa na nini?" Ni ya tatu mwezi huu. Wa kabla yake alishaanza kumhisi jirani wa ghorofa ya chini.

Sasa jamani. Kuona mpaka chini maana yake hakuna tope, basi. Amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki hata pua haikuambii kitu. Pipa langu la hapa Sinza maji yake yana rangi ya chai ya rangi, mama mkwe alivyoyaona akauliza nafuga samaki au nafuga kipindupindu, na samaki wamo wanaparamia chakula. Nunua matone ya kupimia amonia kwenye maduka ya samaki wa mapambo, yakibaki ya njano salama, yakienda kijani acha kulisha kwanza. Macho yako sio kipimo.

Afu kuna hii ya "samaki anakunya, mboga inakula". Hapana. Kwanza amonia nyingi inatokea mashavuni, sio huko unakofikiria. Pili inabidi bakteria waigeuze kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine waigeuze kuwa nitreti, na hiyo ndo mchicha unaitaka. Hao bakteria wanakaa kwenye kokoto na kuta za mabomba, na kujaa kwao kunachukua kama wiki nne mpaka sita hata kwa joto letu la Dar. Mtu anaweka samaki Ijumaa, Jumapili kapiga picha kaweka status, wiki ya pili anazika. Mi naanza bila samaki kabisa, natupia chakula kidogo kioze, napima, nasubiri, ukipata kokoto za mtu ambaye mfumo wake umeshaiva ukachanganya humo unaokoa siku nyingi.

Ila kinachonitoa povu ni kokoto zenyewe, maana hapa hata mafundi wanachemsha. Zile nyeupe za Kunduchi ni mawe ya matumbawe, chokaa tupu, ukizijaza kwenye beseni pH (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ni katikati, chini yake ni uchachu) inapanda taratibu inafika 8 na kitu. Na pH ndo inaamua amonia yako iwe mbaya kiasi gani: kwenye pH 7 na joto nyuzi 25, ile sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1, kwenye 8 ni kama asilimia 5, kwenye 9 inazidi theluthi. Amonia ileile, maji yaleyale angavu! Kamulia kokoto limao, ikitoa povu irudishe ulikoitoa. Yule kaka nilimwambia ajaribu, akanirushia video inafoka kama soda iliyotikiswa. Na ajabu ni kwamba baada ya miezi pH inaanza kushuka yenyewe kwa kazi ya hao bakteria, ikienda chini ya 6 wanalegea, hapo konzi moja ya kokoto hizohizo ndani ya soksi inakuwa dawa. Kwahiyo sio kwamba ni mbaya, ni kiasi, na kiasi hakikai kwenye video ya dakika moja.

Mengine haraka: lita 200 ni kilo 200, muulize mwenye nyumba kabla hujabebesha balkoni. Maji ya bomba yalale wazi siku nzima klorini itoke. Umeme ukikatika sana kwenu, pampu inazima, fuga kambale, anavuta hewa juu, sato hakusubiri. Beseni la mboga la robo mita ya mraba linatosha gramu 10 hivi za chakula cha samaki kwa siku, na sio konzi kila ukipita.

Na nikiri: hii ya "bila kuongeza chochote" tunayowauzia watu sio kweli, majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani, ni chuma kimepungua, chakula cha samaki hakina cha kutosha, mi naongeza. Na matembele ya mama kwenye ndoo ya udongo yananishinda mbali, kwa gharama ndo usiseme. Hesabu ya pampu, matone na chakula nilishaacha kuipiga, naogopa jibu.

Yule kaka baada ya maelezo yote haya, dakika arobaini za vois noti, akajibu: "Sawa kaka nimekuelewa. Sasa hawa sato nikaange au?"