Umeachiliwa Mapema, Lakini Dawa Hazijaisha: Maswali na Majibu kuhusu Afya ya Mfungwa Anayerudi Nyumbani

Ninafanya kazi katika kliniki ya kifua kikuu (TB) huku Pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2020, kila wafungwa wanapoachiliwa kwa mkupuo, huwa najua kwamba baada ya miezi mitatu au minne nitaanza kuwaona baadhi yao wakiingizwa kliniki wameshikwa mabega na jamaa zao, wamekonda na nguo zinawapwaya. Maswali yafuatayo ni yale wanayoniuliza, pamoja na mengine ambayo laiti wangeyauliza siku ile walipotoka.

Kwa nini wafungwa waliachiliwa mapema wakati wa korona?

Kwa sababu ya msongamano. Ugonjwa unaosambaa kwa pumzi hauzuiliki mahali ambapo watu hulala ubavu kwa ubavu, na mlipuko ulioanzia jela haubaki jela, kwani askari jela hurudi kwake kila zamu inapoisha. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kufikia Aprili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, takriban wafungwa 4,800 walikuwa wameachiliwa baada ya Mahakama Kuu kupitia upya vifungo vyao. Hao walikuwa wenye makosa madogo na waliobakisha chini ya miezi sita. Ethiopia ilisamehe zaidi ya 4,000 mwezi Machi, na Iran iliwapa ruhusa ya muda watu wapatao 85,000. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi. Lawama yangu ni juu ya yaliyofuata baada ya lango kufunguliwa.

Je, mtu akiachiliwa, maana yake amepimwa na hana ugonjwa?

Hapana. Hakimu anapopunguza kifungo huangalia kosa, tabia na muda uliobaki, hasikilizi mapafu. Barua ya kuachiliwa si cheti cha afya, na narudia jambo hili kwa sababu nimeonyeshwa barua hiyo mara nyingi mno na watu wanaokohoa huku wakinihakikishia kwamba wangekuwa wagonjwa wasingetolewa.

Mbona unazungumzia kifua kikuu badala ya korona?

Kwa sababu msongamano ule ule ulioleta hofu ya korona ndio unaokuza kifua kikuu, na kifua kikuu ndicho ninachokiona kila wiki. Ni ugonjwa wa bakteria wanaoenea hewani mgonjwa anapokohoa, na kwa kawaida hushambulia mapafu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kasi ya ugonjwa huu magerezani ni takriban mara kumi ya ile ya uraiani. Dalili zake ni kikohozi, homa za jioni, jasho jingi usiku na kupungua uzito. Mtu aliyetoka jela akiwa na dalili hata moja kati ya hizo apimwe makohozi mara moja. Wengi hukiita kikohozi cha jela, wakaamini kwamba kitaisha chenyewe mtu akishapata hewa ya nyumbani na samaki wa kupaka. Hakiishi. Kinachoisha ni mwili wa mgonjwa, na katika muda huo anawaambukiza wale wale waliompikia.

Nilianza dawa za TB nikiwa ndani, na sasa sijambo kabisa. Je, naweza kuacha?

Hapana. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita: miwili ya mwanzo kwa dawa nne, na minne inayofuata kwa dawa mbili. Katika wiki za mwanzo bakteria wengi hufa, homa hutulia na hamu ya kula hurudi, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Waliosalia ni wachache lakini ndio wagumu, na ukiwaachia nafasi wanaweza kurudi wakiwa sugu, ukalazimika kutumia dawa nyingine zenye madhara makali zaidi, mara nyingi kwa muda mrefu zaidi. Wengine huacha kwa sababu mkojo umegeuka rangi ya chungwa iliyoiva wakadhani ni damu, ilhali ni rangi ya rifampisini tu, mojawapo ya dawa hizo za TB. Kwa hiyo ukiniuliza kama unaweza kuacha kwa kuwa umepata nafuu, jibu ni hapana. Ukiniuliza kama unaweza kuacha kwa kuwa umetoka jela, jibu ni hapana vile vile: kifungo chako kimepunguzwa, lakini miezi sita ya dawa haijapunguzwa na mtu yeyote.

Nilitolewa ghafla, bila kadi wala dawa. Nifanyeje?

Njoo bila kadi. Njoo kesho asubuhi, katika kituo cha umma kilicho karibu nawe, kwa sababu dawa za TB hutolewa bure. Tutampigia simu mhudumu wa zahanati ya jela ili tujue ulianza lini, na tukikosa jibu tutakupima upya. Usingoje kwanza upate kitambulisho, wala usingoje ndugu yako arudi kufuata karatasi.

Nakuomba pia usianzie duka la dawa. Ninafahamu kwamba ni karibu na hakuna foleni, lakini nimechoka kupokea wagonjwa waliokwisha kunywa chupa tano za dawa ya kikohozi na dozi mbili za siprofloksasini, antibiotiki ya kuua bakteria. Dawa za jamii hiyo hutuliza kifua kikuu kwa siku kadhaa bila kukiponya, zikauficha ugonjwa hadi vipimo vikachelewa.

Mwaka ule wa korona watu waliogopa kwamba wakikohoa hospitalini wangepelekwa karantini. Je, hofu hiyo haikuwa ya haki?

Ilikuwa na msingi, kwani walikuwepo waliowekwa karantini na kisha wakadaiwa gharama zake, na habari za namna hiyo husafiri haraka kuliko gari la wagonjwa. Lakini kifua kikuu hakikungoja hofu ipoe, na hata leo bado nasikia mtu akisema kwamba anajificha kwanza.

Sisi jamaa tumpokeeje?

Mpokeeni kwa furaha, kisha mfungue madirisha. Nimeona familia zenye upendo mwingi zikimlaza mgonjwa katika chumba cha nyuma kilichozibwa kwa mapazia, eti asipigwe na upepo. Upepo hauleti TB. Hewa iliyofungiwa ndiyo inayowaambukiza watoto. Sahani na kikombe si lazima kutengwa, maana ugonjwa huu hauenezwi na vyombo. Akipatikana na TB, waleteni watu wote wa nyumbani wapimwe, hasa watoto wa chini ya miaka mitano, ambao hupewa dawa za kinga wakionekana hawajaugua.

Na anayetumia ARV (dawa za virusi vya UKIMWI), au aliyekuwa akitumia unga, yaani heroini?

Kwa ARV kanuni ni ile ile: siku ya kutoka isiwe siku ya kuruka dozi. Kuhusu unga, huku kwetu Pwani siwezi kunyamaza. Mwili uliokaa miezi bila heroini hauhimili tena kipimo cha zamani, na anayekirudia siku za mwanzo baada ya kutoka anaweza kuacha kupumua. Afikishwe mapema kwenye kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini.

Jela ingepaswa kufanya nini kabla ya kumtoa mtu?

Kanuni za Mandela kuhusu namna wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataka huduma za afya gerezani zipangwe pamoja na zile za umma, ili matibabu ya TB na ya virusi vya UKIMWI yasikatike. Kwa vitendo, hiyo ni barua ya rufaa ya ukurasa mmoja, dawa za wiki mbili mkononi na simu kwa kliniki ya huko anakokwenda. Nimewahi kumpokea kijana aliyetolewa Ijumaa jioni akiwa na nauli tu, dozi zake zikiwa zimebaki kabatini, naye akatufikia baada ya wiki kumi na moja.

Ni dalili gani ambazo sipaswi kuzingojea hata siku moja?

Kukohoa damu, kushindwa kupumua, kuumwa kichwa kikali pamoja na kuchanganyikiwa, au macho kuwa ya manjano ukiwa kwenye dawa za TB. Macho yakiwa ya manjano, njoo siku hiyo hiyo na ubebe vidonge vyote unavyotumia. Kwa dalili hizo nyingine, nenda sehemu ya dharura ya hospitali hata kama ni usiku wa manane, na umwambie mhudumu wa kwanza utakayemkuta kwamba ulikuwa jela, kwa kuwa neno hilo moja litamfanya afikirie kupima makohozi yako.