"Yetu Ni Programu Tu": Dhana Potofu Kuhusu Akili Mnemba na Sheria

Mteja wa tatu mwezi huu ameketi ofisini kwangu Posta, akafungua kompyuta na kunieleza yaleyale: "Wakili, sisi hatuna akili mnemba. Yetu ni programu tu." Kwenye skrini ilikuwepo orodha ya waombaji wa mikopo ya simu, na mbele ya jina la mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, neno jekundu: AMEKATALIWA. Nikamuuliza amekataliwa na nani. "Na mfumo." Kwa sababu gani? Hakujua, kwa kuwa mfumo ulijifunza wenyewe kutokana na rekodi za mikopo ya nyuma.

Hiyo ndiyo akili mnemba. Watu huisubiri iongee kama binadamu, ilhali tangu mwanasayansi wa kompyuta John McCarthy na wenzake walipolitumia jina hilo mwaka 1955, wataalamu hawajaafikiana hata akili yenyewe ni nini. Ndiyo maana Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 haiulizi kama mashine inafikiri. Inatazama iwapo mfumo, ukipewa taarifa, unang'amua wenyewe namna ya kutoa utabiri, pendekezo au uamuzi. Programu inayofuata tu kanuni zilizoandikwa na binadamu, kama ya kukokotoa riba, inabaki nje, lakini mfumo wa kupima wakopaji umewekwa kwenye kundi la hatari kubwa. Ugumu wa kutunga sheria uko hapo: ukiipanua tafsiri unanasa hata kikokotoo, ukiibana, kampuni inabadilisha jina la bidhaa na kukwepa. Nawasihi wateja waache kubishania jina, waandike kwenye karatasi moja mfumo unaamua nini, kuhusu nani, na nani anaweza kuutengua uamuzi huo.

Wapo wanaodai mashine haina upendeleo. Kama mama lishe hawakukopeshwa zamani, mfumo uliofunzwa kwa rekodi hizo utaendelea kuwanyima.

Wapo pia wanaoamini sheria moja itamaliza kazi. Ulaya ilileta rasimu ya sheria yake Aprili 2021. ChatGPT, programu inayojibu maswali kwa maandishi, ikaja mwishoni mwa 2022, na watunga sheria wakalazimika kuongeza masharti mapya.

Na hapa kwetu Tanzania, kukosekana kwa sheria yenye jina la akili mnemba si ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Mteja wangu hakuwa ameteua hata mtu mmoja wa kupokea malalamiko ya yule mfanyabiashara.