Kipindi cha safari: dhana inayoamua bima ipi italipa ajali ya teksi mtandao

Dereva wa teksi mtandao nchini Marekani huendesha gari lilelile kutwa nzima, lakini bima inayolilinda hubadilika mara kadhaa kwa siku bila injini kuzimwa. Akimpeleka mwanawe shule, bima inayohusika ni aliyoikata mwenyewe. Akiwasha programu ya Uber au Lyft, mambo hubadilika. Akikubali ombi la abiria, hubadilika tena. Kila kimoja cha vipande hivyo vya muda huitwa kipindi, na aliyeumia katika ajali ya namna hii anapaswa kukielewa kabla ya jambo jingine lolote. Swali la nani alikosea litakuja. Linalotangulia ni hili: dakika ile ya ajali, programu ilikuwa katika hali gani?

Vipindi viko vinne. Kipindi sifuri ni programu ikiwa imezimwa. Kipindi cha kwanza huanza dereva anapoiwasha na kukaa akingoja ombi. Cha pili huanza anapokubali ombi na kwenda kumchukua abiria. Cha tatu huanza abiria anapoingia garini, na huisha abiria wa mwisho anaposhuka. Cha pili na cha tatu kwa kawaida huwa na kinga moja, hivyo sheria za majimbo huviunganisha na kuviita safari iliyopangwa.

Mgawanyo huu ulizaliwa na msiba. Usiku wa kuamkia mwaka 2014, mtoto wa kike wa miaka 6 aligongwa na kufa akivuka barabara na familia yake jijini San Francisco. Aliyemgonga alikuwa dereva wa Uber asiye na abiria wala ombi, na kampuni ilijitetea kwamba hakuwa katika safari yoyote ya mfumo wake. Bima za kawaida za magari binafsi nazo huwa na kifungu kinachokataa kulipa gari linapotumika kubeba watu kwa nauli. Katikati ya kauli hizo mbili palikuwa na pengo ambamo mtu angeweza kupoteza uhai na familia yake isipate wa kuilipa. Colorado na California zilipitisha sheria za kuziba pengo hilo mwaka huohuo wa 2014. Machi 2015, kampuni za bima na za teksi mtandao zikakubaliana juu ya mfano wa sheria, na majimbo mengi yakaufuata.

Namna ya kusoma tarakimu

Katika kipindi cha kwanza, kiwango kilichoenea ni 50/100/25. Maana yake ni dola 50,000 kwa majeraha ya mtu mmoja, dola 100,000 kwa majeraha ya watu wote wa ajali moja, na dola 25,000 kwa mali iliyoharibika. Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme ni wewe peke yako uliyeumia, na hospitali inadai dola 80,000. Hutalipwa 80,000 kwa kuwa tarakimu ya pili inatosha. Kikomo chako ni 50,000. Na mkiumia watatu, kila mmoja kwa dola 50,000, mtagawana 100,000, kwa hiyo kuna atakayepungukiwa. Anayewahi kuwasilisha madai yenye nyaraka kamili huwa na nafasi nzuri zaidi ya kufika kabla fungu halijaisha.

Katika kipindi cha pili na cha tatu, kiwango cha majimbo mengi hupanda hadi dola 1,000,000 za bima ya dhima, yaani bima inayowalipa watu walioumizwa na dereva wa teksi. Tofauti kati ya 50,000 na milioni nzima inaweza kutegemea kama dereva alibonyeza kitufe cha kukubali ombi sekunde tano kabla ya kugonga au sekunde tano baada ya hapo. Ndiyo maana kumbukumbu za programu hupiganiwa kuliko hata picha za magari yaliyopondeka.

Bima ya kampuni katika kipindi cha kwanza kwa kawaida husubiri nyuma ya bima binafsi ya dereva. Matokeo yake unaweza kutupwa huku na huku kwa miezi: bima binafsi inasema alikuwa kazini, ya kampuni inasema anza na ile binafsi. Dawa yake ni kudai barua ya kukataliwa kwa maandishi, yenye tarehe na kifungu kilichotumika kukataa, kisha kuipeleka upande wa pili. Kukataliwa kwa simu hakukusaidii kitu. Madereva waangalifu huongeza kwenye bima yao binafsi nyongeza ya teksi mtandao, inayojaza pengo la kipindi cha kwanza. Nyongeza nyingine huishia hapo hapo wala hazigusi kipindi cha pili na cha tatu, kwa hiyo isome kabla ya kuitegemea.

Mipaka yenye utata

Dereva akibonyeza kumaliza safari kabla abiria hajashuka, kisha abiria akafungua mlango na kumwangusha mwendesha baiskeli, kipindi ni kipi? Chini ya sheria zilizofuata mfano wa 2015, safari huisha abiria wa mwisho anaposhuka garini. Kitufe kimebonyezwa, lakini kipindi cha tatu bado kinaendelea. Mkaguzi wa madai anayetazama saa ya kitufe peke yake atakuambia vinginevyo. Usikubali kirahisi.

Madereva wengi huwasha programu mbili kwa wakati mmoja. Wakingoja tu, wako katika kipindi cha kwanza kwa kampuni zote mbili. Wakikubali ombi la mojawapo, bima ya safari ni ya kampuni hiyo. Kwa hiyo unapoomba kumbukumbu, omba za programu zote alizokuwa nazo dereva, hata kama unaijua moja tu.

Abiria anayepatana na dereva nje ya programu ili alipe pungufu, taslimu mkononi, anajiweka pabaya. Hakuna safari kwenye mfumo, kwa hiyo bima ya kampuni haipo, na ile binafsi itaona nauli imepokewa na kukataa. Unafuu wa dola chache unaweza kukuacha umdai dereva asiye na chochote cha kulipa.

Gari la pili likiwa ndilo lenye kosa

Ukiwa abiria na gari jingine likawagonga, bima ya kwanza kuombwa ni ya dereva huyo mwingine. Mara nyingi haitoshi. California, kuanzia Januari 1, 2025, imepandisha kiwango cha chini kuwa 30/60/15. Florida haiwalazimishi wenye magari ya kawaida kukata bima ya majeraha ya watu wengine kabisa. Hapo huingia bima ya dereva asiye na bima au mwenye bima pungufu, ambayo hukulipa wewe kana kwamba ndiyo bima ya aliyekosea. Katika California abiria wa teksi mtandao walizoea kuwa na dola 1,000,000 za kinga hii. Sheria iliyosainiwa 2025 imeishusha, kuanzia Januari 1, 2026, hadi dola 60,000 kwa mtu na 300,000 kwa ajali. Milioni ya dhima imebaki, lakini hiyo hufanya kazi dereva wa teksi akiwa na kosa. Ukiwa na gari lako nyumbani, chungulia mkataba wake wa bima: huenda una kinga ya aina hii inayokufuata hata ukiwa umekaa kiti cha nyuma cha gari la mtu.

La kufanya saa ileile

Kama wewe ni abiria, piga picha ya skrini ya safari kabla hujaifunga programu: jina la dereva, namba ya gari, saa, njia. Kama wewe ni mtembea kwa miguu au dereva wa gari jingine, huna skrini hiyo, kwa hiyo muulize dereva mbele ya polisi kama alikuwa kazini, na umwombe askari aliandike jibu hilo katika ripoti. Tazama kioo cha mbele kama kina nembo ya kampuni, na uipige picha. Mwulize dereva cheti cha bima ya kampuni. Hupatikana ndani ya programu yake. Chukua pia bima yake binafsi, maana unaweza kuzihitaji zote mbili.

Nenda hospitali siku hiyohiyo au kesho yake. Maumivu ya shingo na mgongo huweza kujitokeza baada ya siku moja au mbili, na kila siku isiyo na cheti cha daktari humpa mkaguzi wa madai hoja kwamba uliumia kwingine. Florida kuchelewa ni kosa lisilorekebishika: usipotibiwa ndani ya siku 14, unapoteza faida ya bima ya majeraha binafsi, ambayo kikomo chake ni dola 10,000 na hulipwa bila kujali kosa. New York nayo hulipa bila kujali kosa, hadi dola 50,000, lakini taarifa ya maandishi inatakiwa ndani ya siku 30.

Unapotoa taarifa kupitia programu, andika saa, mahali na kilichotokea, basi. Usiandike kwamba hujaumia. Sema uchunguzi unaendelea. Mkaguzi wa bima akiomba kukurekodi, una haki ya kungoja hadi upate ushauri, hasa kama ni wa bima ya upande mwingine, kwa kuwa huna mkataba naye.

Kisha tuma, wewe au wakili wako, barua ya kutaka ushahidi uhifadhiwe. Itaje saa ya kuwasha programu, saa ya kukubali ombi, mwendo wa gari kwa setilaiti, ujumbe kati ya dereva na abiria, na video ya kamera ya gari kama ipo. Kamera nyingi hufuta picha za zamani zenyewe kadiri nafasi inavyojaa, kwa hiyo barua ya wiki ya kwanza ina thamani kuliko barua ya mwezi wa tatu.

Dereva mwenyewe

Gari la dereva katika kipindi cha kwanza halilindwi na bima ya kampuni. Katika kipindi cha pili na cha tatu hulindwa iwapo tu bima yake binafsi ina kinga ya ajali kwa gari lake, na kwa Uber na Lyft atajilipia dola 2,500 za kwanza. Gari likiharibika kwa dola 3,100, bima itatoa 600. Madereva wengi huligundua hili wakiwa tayari gereji. Kwa kuwa kampuni huwahesabu kama wakandarasi huru, fidia ya kawaida ya wafanyakazi kwa jumla haiwahusu. California ni tofauti kiasi, kwani sheria iliyopigiwa kura Novemba 2020 inazilazimu kampuni kukata bima ya ajali kazini ya angalau dola 1,000,000 za matibabu.

Kusaini, kugawana na kushtaki

Ofa ya haraka huja na hati ya kuachilia madai. Ukiisaini, umemaliza, hata kama mwezi ujao daktari atasema mgongo unahitaji upasuaji. Ngoja hali yako itengemae na ijulikane. Piga hesabu pia ya kinachobaki. Katika fidia ya dola 90,000, wakili anayechukua theluthi atapata 30,000. Gharama za kesi tuseme 4,000. Bima ya afya iliyokutibu ikidai kurudishiwa 18,000, mkononi mwako zinabaki 38,000. Deni la bima ya afya mara nyingi hupunguzwa kwa mazungumzo, na wakili asiyejaribu kulipunguza hajamaliza kazi yake.

Abiria anayetaka kuishtaki kampuni hukutana na masharti aliyoyakubali kwenye simu, yanayompeleka kwenye usuluhishi badala ya mahakama. Septemba 2024, mahakama ya rufaa ya New Jersey iliwazuia mume na mke walioumia wakiwa abiria wa Uber kwenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, kwa sababu masharti yalikuwa yamekubaliwa kwenye simu ya mke wakati wa kuagiza chakula kupitia Uber hiyohiyo. Aliyegongwa akiwa barabarani hajasaini masharti ya safari ile, na kwa kawaida mlango wa mahakama uko wazi kwake.

Muda wa kufungua kesi ya majeraha ni miaka 2 Texas, California na Florida, miaka 3 New York, mwaka 1 tu Tennessee. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo yenyewe. Na kama gari la pili lilikuwa la serikali, kwa mfano basi la jiji, California hutaka dai la maandishi lifikishwe kwa idara husika ndani ya miezi 6.