Kabla ya kupasuliwa, moyo wako umeangaliwa?

Napasuliwa nyonga. Moyo unahusikaje?

Unahusika sana. Wakati wa upasuaji damu hupotea, presha hupanda na kushuka, na baadaye maumivu huongeza mapigo ya moyo. Damu nayo huganda kwa urahisi zaidi. Mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, ambayo haikusumbui ukiwa umekaa, hapo inaweza kuelemewa.

Daktari atajuaje kama niko hatarini?

Atakuuliza kwanza. Tangu 1999 wengi hutumia kigezo chenye mambo sita: upasuaji mkubwa wa tumbo, kifua au mishipa mikuu; ugonjwa wa mishipa ya moyo; moyo kushindwa kufanya kazi; kiharusi cha zamani; kisukari cha kuchoma insulini; na figo zilizodhoofika. Yakizidi, hatari nayo inazidi.

Kisha kuna swali la ngazi: unapanda ghorofa mbili bila kusimama kuhema? Tafadhali sema kweli. Wapo wanaoficha wakihofia kuahirishiwa, na daktari wa usingizi anabaki kupanga dozi zake kwa taarifa zisizo sahihi.

Mbona jirani yangu hakupimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo?

Kama alitolewa mtoto wa jicho na hana dalili, hakuihitaji.

Dawa zangu niziache?

Usiamue mwenyewe. Ukiwa unatumia vizuizi vya beta (dawa za kutuliza mapigo ya moyo na presha) au statini (dawa za kushusha kolesteroli), kwa kawaida utaendelea nazo. Lakini kuanza kizuizi cha beta siku ileile ya upasuaji ni hatari: utafiti wa POISE wa 2008, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000, ulionyesha kuwa mshtuko wa moyo ulipungua, ila viharusi na vifo vikaongezeka. Uliwekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo? Litaje hilo mapema, hata kama hukuulizwa, kwa sababu upasuaji usio wa dharura huenda ukasubiri miezi kadhaa. Na sigara iache sasa, wiki nne kabla au zaidi.

Nikishatoka chumba cha upasuaji, yameisha?

Bado. Siku mbili tatu za kwanza ndizo za kuangaliwa kwa makini. Moyo unaweza kuumia pasipo kifua kuuma, kwani dawa za maumivu huficha dalili. Ndiyo maana walio katika hatari kubwa hupimwa troponini katika damu, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia. Anayekuuguza akiona unahema, unatoka jasho la baridi au umechanganyikiwa ghafla, amwite muuguzi papo hapo.