Kronografu haipimi shinikizo: dhana potofu za wanaojijazia risasi

Marekani kuna wawindaji na walenga shabaha wengi wanaojijazia risasi nyumbani, yaani kuunda risasi zao wenyewe kwa kupima baruti na kuitia kwenye maganda, na siku hizi wengi wao wana kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi inapotoka mtutuni. Shida ni kwamba namba zake husomwa kama zinasema mambo ambayo hazisemi.

"Kasi yangu bado iko chini ya ile ya kitabu cha vipimo vya baruti, kwa hiyo naweza kuongeza baruti."

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Kronografu hupima mwendo wa risasi, basi. Shinikizo ndani ya chemba, sehemu ya bunduki ambamo risasi hukaa inapolipuka, hupimwa maabara kwa vihisi maalumu. Mtutu mfupi kuliko ule wa majaribio hutoa kasi ndogo hata shinikizo likiwa limefika ukingoni, kwa hiyo kiwango cha juu cha baruti kwenye jedwali la kitabu hicho hakisogei kwa sababu namba yako ni ndogo.

Upande wa pili, kronografu ni mlinzi mzuri. Kasi ikipita ile ya jedwali, kwa risasi ileile, baruti ileile na mtutu wenye urefu uleule, kuna uwezekano mkubwa kwamba shinikizo limepanda. Acha kufyatua, rudi chini. Usingoje fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) ibapike au ganda ligome kutoka: dalili hizo mara nyingi huja wakati mpaka umeshavukwa.

"Nimepiga tano, mkengeuko sanifu ni 10, mchanganyiko huu wa baruti na risasi umetulia."

Tano hazitoshi. Mkengeuko sanifu huonyesha kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Ukipata futi 10 kwa sekunde kwa risasi 5, hesabu ya takwimu kwa uhakika wa asilimia 95 inasema thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya 6 na 29. Kwa risasi 30, huwa kati ya 8 na 13 hivi. Ndiyo maana "ngazi tulivu", yaani vipimo vya baruti ambapo kasi huonekana kutobadilika, ambazo watu huzisaka kwa kupiga risasi moja au mbili kwa kila kipimo cha baruti mara nyingi hupotea jaribio likirudiwa. Nasikitika kuona mtu akitupa mchanganyiko mzuri kwa ushahidi wa risasi 3.

"Kasi zikilingana, matundu kwenye shabaha yatabanana."

Inategemea umbali. Risasi ya mita 800 kwa sekunde ikipungua kasi kwa mita 8 kwa sekunde, kwenye shabaha ya mita 100 itapiga chini zaidi kwa milimita 2 hivi, tofauti isiyoonekana. Kwenye mita 1,000 tofauti hiyo huzidi sentimita 10. Anayewinda kwa mita 150 aamini shabaha yake kwanza.

"Namba ni namba, popote nilipoweka kifaa."

Skrini za mwanga, yaani vihisi vya kronografu ambavyo risasi hupita juu yake, zikikaa karibu mno na mdomo wa mtutu, mlipuko huzichanganya. Watu huziweka mita 3 hadi 5 mbele. Kifaa kinachofungwa kwenye mtutu hubadilisha mahali risasi inapogonga, hivyo usirekebishe darubini ya bunduki kikiwa kimefungwa.