Annapolis: yasemwayo na yaliyokuwa

Kwetu, mji wa Annapolis nchini Marekani hujulikana zaidi kwa ile picha ya kofia nyeupe zikirushwa juu siku ya mahafali. Ni picha nzuri, lakini chuo kilichoko huko, Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, kimezungukwa na maneno mengi yasiyo ya kweli, na historia yake halisi ni nzito kuliko sherehe ile.

Watu hudhani chuo hiki kilizaliwa pamoja na jeshi lenyewe, enzi za kupigania uhuru. Sivyo. West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu, kilianzishwa mwaka 1802. Wanamaji walisubiri hadi tarehe 10 Oktoba 1845. Miaka yote hiyo Bunge lilikuwa likiyakataa mapendekezo ya kukijenga, na wakubwa wengi waliamini kwamba ofisa hufundwa na bahari. Mpandishe mvulana merikebuni, ajifunze humo humo.

Imani hiyo ilitikiswa na msiba. Mwishoni mwa 1842, Somers, merikebu ndogo ya milingoti miwili, ilikuwa ikirudi kutoka pwani ya Afrika Magharibi, imejaa vijana waliokuwa wakifunzwa kazi. Ndani yake alikuwamo Philip Spencer, mwenye miaka 19, mtoto wa Waziri wa Vita. Alikutwa na karatasi ya majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki. Nahodha, Alexander Slidell Mackenzie, akaamini kuwa ni orodha ya watu waliopanga kuasi na kukigeuza chombo kuwa cha maharamia. Tarehe 1 Desemba, bila mahakama ya kijeshi, Spencer na mabaharia wawili walinyongwa kwenye foromali, ile boriti ya kufungia tanga, katikati ya bahari. Mackenzie alishtakiwa baadaye, akaachiwa. Lakini swali likabaki kwa waliosoma habari ile: huku ndiko kulea maofisa?

Waziri wa Jeshi la Wanamaji, George Bancroft, ambaye alikuwa mwanahistoria, hakurudi Bungeni kubembeleza fedha. Alipewa na jeshi la nchi kavu ngome kuukuu ya Fort Severn, pale Annapolis, jimbo la Maryland. Kisha akapunguza idadi ya walimu waliokuwa wakilipwa kufundisha vijana wa jeshi, na fungu lao akaliendeshea shule. Ilianza na wanafunzi 50 na walimu 7. Mimi humheshimu sana Bancroft kwa jambo hili, kwa sababu Bunge lilikuja kukuta shule tayari inafundisha.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba pale ni kambi ya kwata tu, masomo ni kisingizio. Albert Michelson alihitimu hapo mwaka 1873, akarudi kufundisha fizikia. Mwaka 1879, kando ya ukuta wa bahari wa chuo, alisimamisha kioo kinachozunguka kwa kasi, na kioo kingine kilichotulia akakiweka umbali wa karibu mita 600. Mwanga ulienda na kurudi, na katika kitambo hicho kisichohisika kioo cha kwanza kilikuwa kimeshageuka kidogo. Kwa kupima mgeuko huo alikokotoa kasi ya mwanga: kilomita 299,910 kwa sekunde. Leo tunajua ni 299,792. Mwaka 1907 akawa Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya sayansi.

Tena wapo wanaosema kutafuta njia baharini kwa kusoma nyota kumepitwa na wakati kwa kuwa kuna setilaiti. Chuo chenyewe kiliwaza hivyo, kikaliondoa somo hilo miaka ya mwisho ya 1990. Mwaka 2015 kikalirudisha, kwa hofu kwamba adui anaweza kuvuruga mawimbi ya setilaiti. Manahodha wa majahazi ya mwambao wetu wangelielewa hilo bila kuelezwa.

Wengine husema: "Ni cha watoto wa wakubwa." Kinachowachanganya watu ni barua ya uteuzi, ambayo kwa kawaida hutoka kwa mbunge au seneta. Barua hiyo si nafasi. Mwombaji bado hupimwa masomo, afya na nguvu za mwili. Ada hakuna, na wanafunzi hulipwa posho. Deni lake ni utumishi wa angalau miaka 5 baada ya kuhitimu, katika Jeshi la Wanamaji au kikosi cha Marine, askari wa nchi kavu wanaotokea baharini. Na si wote wanaoishia melini: wapo wa nyambizi, wapo marubani. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, alitoka hapo, na Rais Jimmy Carter pia, mhitimu wa 1946. Wala si kweli kwamba maofisa wote wa jeshi hilo wamepita Annapolis. Wengi hupata kamisheni, yaani cheo cha uofisa, kupitia mafunzo yanayotolewa katika vyuo vikuu vya kiraia, au kozi fupi ya wenye shahada.

Kuna pia wanaoamini kuwa utumwa ulipokomeshwa, mlango wa Annapolis ulifunguka kwa Weusi. Sivyo. James Conyers wa South Carolina, Mweusi wa kwanza, aliingia mwaka 1872, akateswa na wenzake, na mwaka uliofuata akaondoka. Wengine waliojaribu baada yake nao hawakufika mwisho. Ikapita miaka 77 tangu Conyers aingie hadi Mweusi wa kwanza, Wesley Brown, alipohitimu, mwaka 1949. Wanawake walikubaliwa mwaka 1976, na miaka minne baadaye wakahitimu 55, akiwemo Janie Mines, mwanamke wa kwanza Mweusi kumaliza pale. Brown aliishi kuwaona wote hao. Jumba kubwa la michezo chuoni, lililofunguliwa mwaka 2008 yeye mwenyewe akiwa hai, lina jina lake.